Mkono Uliobaki Kazini

1

Watu walioungua mkono huutazama mkono wao. Somoe Namkoko alinitazama mimi.

Nikaliandika hilo kabla hata sijavuta kiti. Ilikuwa siku ya kumi na sita tangu aungue. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezamishwa hadi kiwikoni ndani ya mfuko wa dawa ya buluu, na ukutani daktari alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: ngozi ya kuoteshwa ianze kupandwa kabla ya siku ya ishirini na moja. Baada ya hapo vidole vingegandana, mkono ubaki kama mwiko. Ngozi hiyo hospitali haiiagizi mpaka Baraza la Fidia liseme ndiyo. Na Baraza la Fidia, kwa mkoa mzima wa Lindi, ni mimi.

"Shikamoo dada," akasema.

"Marahaba. Naitwa Tumpe Mwakibete, mtathmini. Nieleze tangu mwanzo, na usiruke kitu."

Akanieleza. Jumamosi alitoka kiwandani saa kumi na moja na nusu jioni, akapitiliza moja kwa moja kwa dada yake aliyekuwa anaoza binti. Wanawake walikuwa uani wanakaanga maandazi kwenye karai kubwa. Yeye hata hakuwa anakaanga, alikuwa anakata unga. Mwenzake akateleza, kijiko cha matundu kikatumbukia ndani ya mafuta.

"Nikakitoa," Somoe akasema.

"Ukakitoa na nini?"

"Na mkono, dada."

"Mafuta yanachemka?"

"Yanachemka."

"Ukapiga kelele?"

Hapo akasita. Mimi watu wakisita nakaa vizuri kwenye kiti.

"Si palepale. Kwanza nilikifuta. Mara tatu, kwenye kanga. Nikakilaza upande wa kulia. Ndipo nikaanza kupiga kelele."

Mh! Kufuta mara tatu na kulaza kulia, hiyo ni kazi ya kiwandani kwao, hatua kwa hatua. Pale Mingoyo wanaosha vibao vya betri kwenye matangi ya tindikali ya moto. Kibao kikichomoka kwenye ndoana lazima kidakwe kabla hakijaliwa, na akili ya mtu haiwahi. Kwa hiyo kila asubuhi wafanyakazi wanapandishiwa ustadi kupitia punje mbili zilizopandikizwa chini ya ngozi, moja kila kifundo cha mkono. Punje ya kushoto inajua joto: mkono wa kushoto unagusa ukingo wa tangi na kusema ngoja, au nenda. Punje ya kulia inadaka. Wanavaa glavu ndefu hadi begani. Jioni, mlangoni, unaweka viganja viwili juu ya bamba la chuma, ustadi unashuka, unarudi nyumbani na mikono yako mwenyewe, mizito kama ya mtu mwingine yeyote.

Na sheria ni hii. Jeraha la nje ya kazi halifidiwi. Ukianguka bafuni kwako, pole, hilo ni lako. Isipokuwa Kifungu cha Saba: kama ustadi ulikuwa bado mwilini, unahesabiwa uko kazini, hata ukiwa uani kwa dada yako na unga mikononi. Halafu kifungu hichohicho kina mkia: aliyeutorosha ustadi kwa makusudi hapati kitu, na punje zake zinang'olewa. Siku hizi mtu asiye na punje haajiriwi hata kufagia.

Kwa hiyo yule mwanamke kitandani alikuwa ama majeruhi anayestahili, ama mwizi. Sikuona njia ya katikati.

"Hiyo ya mara tatu," nikamwambia, "nani kakufundisha useme?"

Macho yakamtoka. "Dada, mimi nifundishwe kuungua?"

"Jibu swali."

"Hakuna aliyenifundisha."

"Uliweka mikono miwili kwenye bamba?"

"Niliweka."

"Taa ikawaka kijani?"

"Iliwaka."

"Basi ustadi ulishuka. Mkono ulioingia kwenye mafuta ni wako mwenyewe."

"Si wangu!" Mara ya kwanza alipandisha sauti, mfuko ukatikisika. "Mkono wangu ni mwoga, dada. Mimi hata ugali wa moto siwezi kuumega, muulize mume wangu, ananicheka kila siku."

Sisi watathmini nasi tuna punje zetu, isije ukadhani tunabahatisha. Tunapandishiwa ustadi wa upekuzi asubuhi na kuushusha jioni. Punje ya kulia inanusa, ya kushoto inapima. Pale kitandani ya kulia iliniwasha kabisa: kuna kitu kimefichwa hapa. Ya kushoto ikaniambia taratibu: ndiyo, lakini hujajua kimefichwa na nani.

Nikamuaga bila kumpa hata neno la kumpa moyo. Si desturi yangu.

Jioni nilipita mlango wa ofisi kama kawaida. Nikaweka viganja juu ya bamba, nikamwamkia Bibi Sikudhani mlinzi wetu, nikampa mkono, taa ikawaka kijani, nikaenda zangu. Nyumbani jirani akaniletea kichane cha ndizi. Nikamshukuru, nikafunga mlango, nikazihesabu. Kwa nini ndizi? Kwa nini leo? Mtu huyu ana ndugu anayedai fidia? Nikazitupa zote jalalani, tena zilikuwa zimeiva vizuri.

Lusekelo, mume wangu, angekuwepo angezila. Lusekelo yuko Tukuyu kwao, huu ni mwezi wa nane tangu aondoke. Siku moja alichelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya, viatu vyake vina tope na mvua haikuwa imenyesha. Sikumuuliza. Nilipekua mfuko wake, nikampigia mwalimu wa kwaya, nikampigia na mke wa mwalimu wa kwaya. Hiyo haikuwa ya kwanza, ilikuwa labda ya arobaini. Alipofunga begi lake hakugomba hata kidogo. Alisema tu, "Tumpe, wewe hutoki kazini," akaondoka.

2

Kesho yake kiwandani nilipokelewa na Bwana Kisamo, afisa usalama, shati limenyooka, tabasamu limeandaliwa tangu jana. Alinipa soda kabla sijaomba, na mimi mtu akinipa kitu kabla sijaomba naangalia mkono wake mwingine.

"Karibu sana mama. Hili jambo ni dogo mno, hata usingesumbuka kuja."

"Kama ni dogo, nionyeshe."

Akanionyesha kumbukumbu za mlango. Jumamosi ile, Somoe Namkoko, ameshusha, kijani. Hakuna kasoro. Kisha akafungua droo na kutoa kikopo cha mafuta ya mgando, akakiweka mezani kwa vidole viwili.

"Hiki tumekikuta kwenye kabati lake. Mama, hawa wanawake wana mbinu. Mtu anapaka mafuta mazito kiganjani, bamba halisomi vizuri, anatoka na ustadi wake. Anakwenda kuutumia kwenye vibarua vya pembeni. Kwa mkono ule mtu anashona mikeka kumi kwa siku."

"Somoe anashona mikeka?"

"Sijui. Nasema mfano."

Nikakichukua kikopo. Kimejaa pomoni, juu laini, hakuna alama ya kidole hata kimoja. Nikakitazama, nikamtazama yeye. Punje ya kulia ilikuwa inaniwaka moto.

"Haya mafuta hajawahi kuyapaka mtu, Bwana Kisamo."

"Labda alikuwa ndiyo amenunua."

"Mimi nikifungua makabati mengine mia tatu sitakuta mafuta? Watu wanaoshinda ndani ya glavu, ngozi zimepauka kwa jasho?"

Akajichekesha. "Mama, wewe unashuku kila kitu."

"Ndiyo kazi yangu. Taa yenu inawaka kijani baada ya muda gani?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa, nilikuwa najaza fomu. Lakini Kisamo akashika soda ambayo alinipa mimi, akainywa.

"Kushusha kunachukua hesabu ya saba," akasema. "Bamba linaanza na mkono wa kushoto, kisha wa kulia."

"Nimeuliza taa."

"Taa... taa inawaka zamu ya wa kulia ikifika. Hesabu ya tatu hivi. Zamani ilikuwa inasubiri saba, foleni ikawa inafika barabarani, watu wanakosa basi. Mafundi wakaja wakairekebisha." Akafuta midomo. "Wala si sisi peke yetu mama. Waliofunga milango hii wameirekebisha hivyo kila mahali. Haina madhara. Mtu akiona kijani bado mikono iko pale, haondoki kwa sekunde mbili tatu."

Nilimsikia akisema kila mahali. Nililisikia, nikaliona ni neno la mtu anayetaka kugawana lawama, nikalipita. Hivi ndivyo nilivyo.

"Nataka kuona zamu ikitoka," nikasema.

3

Jua lilikuwa bado kali, saa kumi na moja na nusu. Nikasimama upande wa ndani wa mlango, nyuma kidogo, nisiwe kitu cha kutazamwa. Bamba liko kiunoni, jeusi. Kulia kwake kuna kiti cha mbao, na juu ya kiti ameketi mzee mmoja mwembamba, kofia safi, macho meupe yasiyoona.

"Yule nani?" nikamuuliza Kisamo.

"Mzee Mnali. Alikuwa msimamizi wa matangi miaka ile ya mwanzo, kabla ya glavu na miwani. Mvuke ukamla macho. Tukampa kiti cha mlangoni, asikae nyumbani akafa kwa upweke. Watu wanampenda vibaya sana."

Kengele ikalia, wanawake wakaanza kutoka. Wa kwanza akaweka viganja viwili juu ya bamba. Mzee Mnali akasikia hatua, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele na kuuacha pale hewani, unasubiri.

Sasa wewe niambie. Mzee wa umri wa babu yako, haoni, amekunyooshea mkono. Utamwambia ngoja kwanza nihesabu saba? Utampa wa kushoto?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyu ni Tekla, vidole vimekakamaa, umeosha kibao cha mwisho bila kupumzika wewe."

Tekla akacheka, akatoka. Taa ilikuwa imewaka kijani. Lakini nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na kiganja chake cha kulia kilitoka kwenye bamba hesabu ya pili. Ilipofika tatu na taa kuwaka, mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa mzee, na juu ya bamba umebaki wa kushoto peke yake.

Wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Wa kumi. Kijana mmoja wa ufundi naye hivyohivyo, tena yeye aliinama kabisa. Nikahesabu watu themanini, na kati ya hao aliyemaliza saba alikuwa mmoja, mwenye bandeji mkono wa kulia. Yeye alimpa mzee kiwiko.

Hapo nje ya geti kuna mama anayeuza uji. Nikamwendea, nikamwomba beseni la maji baridi na kijiko, akanitazama kama mwehu lakini akanipa. Tekla alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe mkono wa kushoto, ananilalamikia basi.

"Yaani dada, juzi limetuacha hapa mpaka..."

Nikaachia kijiko kikatumbukia.

Mkono wake wa kulia uliingia kwenye maji kabla kijiko hakijagusa chini. Ukatoka nacho, ukakifuta kwenye sketi mara moja, mara mbili, mara tatu, ukakilaza kwenye benchi upande wa kulia. Tekla mwenyewe alikuwa bado anaongea.

"...mpaka saa mbili, na watoto wako peke yao nyumbani." Akautazama mkono wake, unadondosha maji. "Lo! Hii imekuwaje?"

"Nyumbani inakutokea?"

"Vitu vikianguka mimi huwa nadaka, ndiyo. Mume wangu anasema nimekuwa mwepesi." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakauka. "Dada, kwa nini unaniuliza hivyo? Somoe ana nini?"

Nilikuwa nafikiria karai. Mkono wa kushoto wa Somoe ulikuwa umeshushwa salama, umesahau kila kitu kuhusu joto. Wa kulia ulikuwa bado kazini, hauna wa kuuambia ngoja. Hakutorosha kitu huyu mwanamke. Alimwamkia mzee, basi.

Kisamo alikuwa amesimama nyuma yangu. Tabasamu limekwisha.

"Mama," akasema, sauti ya chini, "tuongee kama watu wazima. Ukiandika ulichokiona, tuna watu mia tatu na kumi na wawili hapa. Kanuni inasema mfanyakazi asiondoe kiganja kabla ya kukamilisha. Wote wameondoa. Wakubwa wangu watasema wote wametorosha, na watataka punje zao zote. Na mzee huyu watamtoa leo leo. Sasa ukiandika mafuta ya mgando, ameumia mmoja, mambo yamekwisha. Na mlango nitaurekebisha mimi mwenyewe kesho, kimyakimya. Nakuapia."

Nilimwangalia vizuri. Cha kuogofya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Alikuwa ananitisha na alikuwa anasema kweli, vyote viwili kwa pamoja.

"Kikopo kile ulikinunua wewe," nikamwambia.

Akageuka, akarudi ndani ya geti.

4

Nilifika ofisini wenzangu wote wameshaondoka. Bibi Sikudhani alikuwa mlangoni na kitambaa chake cha kufuma mapajani. Akaniona, akanyoosha mkono.

"Karibu mwanangu, mbona jua limekukausha hivyo?"

"Shikamoo bibi."

Nikampa mkono wangu wa kulia. Na pale, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake wenye joto, nikaliona bamba. Limefungwa ukutani, jeusi, urefu wa kiuno. Kiti cha bibi kiko kulia kwake.

Kila mahali, alisema Kisamo.

Nilibaki nimemshika yule bibi mpaka akaniuliza kama naumwa. Miaka mitatu. Kila jioni kwa miaka mitatu, tangu mafundi waje na kwetu, nimeweka viganja, nimesikia "mwanangu", nimetoa mkono wa kulia na kumpa. Kushoto kumeshuka. Kupima kumeshuka, kila jioni, salama salimini. Kunusa nimerudi nako nyumbani. Nimekaa nako mezani na Lusekelo, nimelala nako, nimepekua nako mfuko wake, nikawa nanusa na nanusa na hakuna chochote ndani yangu cha kuniambia ngoja, hujajua. Zile ndizi, Mungu wangu. Zile ndizi zilikuwa ndizi tu.

Nilipanda ngazi nimeshika ukuta. Nikawasha kompyuta mezani, nikafungua shauri la Somoe Namkoko.

Kuandika hakukunichukua muda. Punje zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, na safari hii nilizishukuru zote mbili. Niliandika hivi: Mkono wa kulia wa mdai haukuwa umetoka kazini wakati wa ajali. Taa ya mlango ilimwambia amekamilisha kabla hajakamilisha, na taa hiyo ilirekebishwa na mwajiri kwa sababu ya foleni. Kumwamkia mkubwa si makusudi ya kutorosha ustadi, si kwa mdai huyu na si kwa mfanyakazi mwingine yeyote wa mlango huo. Anastahili. Taa irudishwe kwenye saba. Mzee Mnali abaki. Kiti chake kisogezwe hatua kumi nje ya mlango, watu wamalize kushusha ndipo wamfikie.

Hili la kiti nililisoma mara mbili, nikaona limekaa vizuri. Hatua kumi tu, jamani. Mtu apoteze mkono kwa hatua kumi.

Halafu nikafika chini ya fomu, pale penye swali ambalo nimelijibu mara elfu bila kulisoma. Je, mtathmini ana dai lake mwenyewe, au hali yoyote, inayofanana na shauri hili?

Nikijibu Ndiyo, shauri linatoka mikononi mwangu. Linakwenda makao makuu, anatafutwa mtathmini mwingine, anasafiri, anaanza upya na kumuuliza Somoe nani kamfundisha ile ya mara tatu. Wiki mbili kwa uchache. Na leo ilikuwa siku ya kumi na saba.

Nikijibu Hapana, nimedanganya. Mimi. Kwa miaka kumi na moja nimewanyima watu fidia kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilimnyima baba mmoja wa Nachingwea kwa sababu alisema alianguka saa tatu kumbe ilikuwa saa nne. Alinililia pale mezani na mimi nikamsogezea kalamu asaini. Kesi yake ilikuwa ya jioni, nakumbuka sasa, uamuzi niliufikia nyumbani usiku, kesho yake nikamwita asaini.

Nilikaa mbele ya lile swali mpaka chai niliyojimiminia ikapoa. Niliogopa, sitaki kujikweza. Niliogopa kupoteza kazi, na niliogopa zaidi kwamba hii huruma iliyonijaa si huruma, ni mtu anayejitetea mwenyewe kupitia mkono wa mwenzake. Nilijishuku. Ee, hata hapo nilikuwa najishuku, na kwa mara ya kwanza niliona ni haki yangu kabisa kushukiwa.

Lakini nilipopima, punje ya kushoto ikitulia kama inavyotulia ikiwa na uhakika, kilichokuwa upande mmoja ni jina langu. Upande wa pili vidole vitano.

Nikajibu Hapana. Nikasaini, nikatuma. Dakika chache baadaye hospitali ikajibu kwa mstari mmoja: kibali kimepokelewa, ngozi itaanza kupandwa kesho asubuhi.

Kisha nikafungua karatasi nyingine. Juu nikaandika jina langu kama mdai, na chini ya jeraha nikaandika: ndoa. Chini yake nikaandika kwamba nimetoa jibu la uongo kwenye shauri la Somoe Namkoko, na kwa nini, na kwamba mashauri yangu yote niliyoyamalizia nyumbani yafunguliwe upya, nikianza na la yule baba wa Nachingwea. Tarehe nikaweka ya siku ya ishirini na mbili tangu Somoe aungue, siku ambayo ile ngozi itakuwa imeshika na hakuna atakayeweza kuibandua. Nikaifungia kwenye droo na ufunguo nikauning'iniza shingoni.

Mlangoni Bibi Sikudhani alikuwa anakunja kitambaa chake. Nikaweka viganja viwili juu ya bamba. Akanyoosha mkono.

"Bibi, naomba unisubiri kidogo."

Mkono wake ukabaki hewani. Uso ukamshuka. "Leo nimekukosea nini mwanangu?"

"Hujanikosea kitu bibi. Nisubiri tu."

Moja. Mbili. Tatu, taa ikawaka kijani, na mwili wangu wote ukataka kuondoka. Mkono wa bibi ulikuwa bado mbele yangu na sikuwahi kujisikia mtu asiye na adabu kama wakati ule. Nne. Tano. Kwenye sita kitu kikaanza kulegea kwenye kifundo cha kulia, kama fundo la kanga lililokazwa sana. Saba.

Nikamshika bibi kwa mikono yote miwili. Hakuelewa kwa nini nalia, akaniambia pole, akanipangusa kwa kile kitambaa.

Nje nilikaa kwenye ngazi nikampigia Lusekelo. Ililia sana. Nilikuwa nimezoea kuhesabu milio na kuitafutia maana, na sasa nikaona ni simu tu inalia, labda iko chumba kingine.

Akapokea. Nyuma yake nilisikia watu wanaimba, sauti ya pili imepotea njia, mtu anawarudisha mwanzo. Mazoezi ya kwaya.

"Lusekelo," nikasema.

Hakunisalimu. Aliuliza kile alichokuwa akiniuliza siku zote nikimpigia simu, tangu tuoane, ili ajue aongee na mimi vipi.

"Uko kazini?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimetoka sasa hivi."